Kati ya Amina na Mkono wa Kwanza

Wenzangu wa studio, tangu Krismasi mmekuwa mkiniuliza kwa nini pale ukutani, kati ya kioo cha kujitazamia na kalenda, nilitundika picha iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, na kwa nini chini yake niliweka ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni. Kila mara nilisema nitawaeleza siku nyingine. Nafasi ninayo, tena nyingi kuliko ninavyoitaka. Funguo mnazo ninyi tangu mwezi wa kumi na moja, na mimi nimekaa barazani naangalia mvua inavyowanyeshea jirani zangu walioanua nguo kwa kuchelewa. Kwa hiyo nawaandikia. Mwenye haraka aende kwanza akafute lenzi, najua hajafuta.

Habari za vyeo sitawaeleza, maana studio yetu haijawahi kuwa na vyeo zaidi ya mwenye duka na asiye mwenye duka. Nitaanzia mlangoni.

Nilitoka kijijini kwetu Mbuji nikaja Mbinga mjini mwezi wa saba, baridi imekaza, nimevaa koti la kaka yangu Otmar lililonifika magotini. Mwenye studio alikuwa Mzee Kanisius, mtu mfupi mwenye sauti ya taratibu, aliyewaheshimu wateja lakini aliipenda filamu ya kamera kuwazidi. Nikasimama kizingitini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Unaitwa nani?”

“Odilia.”

“Unaweza kukaa kimya, Odilia?”

Nikakaa kimya, kwa sababu sikujua nijibu nini. Akaniangalia kidogo, akanipa ufagio. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kushika shuka. Lilikuwa shuka jeupe la kitanda, nami nililitandaza mikononi mkabala wa dirisha ili mwanga urudi usoni kwa mteja. Mnacheka, lakini shuka lile lilinifundisha mwanga kuliko chombo chochote nilichonunua baadaye. Ukilisogeza kidogo, shavu linajaa. Ukilishusha, kidevu kinapotea. Kamera yenyewe sikuruhusiwa kuigusa. Filamu ilitoka mbali, na kusafisha picha kulitaka dawa na chumba cha giza kisicho na ufa, ilhali chumba chetu kilikuwa na nyufa hata za kuhesabia wapita njia. Mzee Kanisius alikuwa akisema, “Ukibonyeza, umekwisha kubonyeza.” Ninyi mnaobonyeza kwanza na kufikiri baadaye, mlifikirie neno hilo mkiwa mnafuta picha kwenye memori kadi.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya keki, kwenye harusi moja huko Namswea. Mzee alikuwa amezingirwa na ukoo wa bwana harusi, kila mmoja anataka kusimama katikati. Akanivuta pembeni, akanivika kamera shingoni.

“Nenda kapige keki,” akasema. “Picha mbili tu. Wakija kugombana kwamba keki haikuwepo, tuwe na ushahidi.”

Nikaenda. Keki ilikuwepo mezani, ila ilikuwa imefunikwa pazia la dirisha, na pembeni yake alisimama shangazi wa bibi harusi, ambaye ndiye aliyeioka.

“Shikamoo, mama. Naomba nifunue kidogo nipige picha.”

“Ufunue?” Alinipandisha na kunishusha kwa macho. “Wewe mtoto umelelewa na nani? Sala imeshasaliwa?”

Nilijua kosa langu kabla hajamaliza kusema, maana hata nyumbani kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Kwetu chakula hakikai wazi. Kinatoka jikoni kimefunikwa, kinakatiza uani kimefunikwa, kinafika mezani kimefunikwa, na anayekifunua ni yule aliyekipika, baada ya sala. Akikifunua kabla ya hapo, anajionyesha, na atasemwa hadi mavuno. Baada ya sala hakuna la kungoja. Watu wameshanawa, matumbo yanaita, na sahani nzuri inaharibika mbele ya macho yako. Siku ile Namswea katekista alisali mpaka maua ya mezani yakainama. Aliposema “Amina,” shangazi akavuta pazia, nikabonyeza mara moja, na kabla sijavuta filamu kwa ajili ya picha ya pili, kisu kilikuwa kimeshazama. Mzee Kanisius aliiangalia ile picha moja muda mrefu. Halafu akasema kwamba kuanzia siku hiyo vyakula ni vyangu, yeye atabaki na watu, kwa kuwa watu angalau hawaliwi.

Basi kazi yangu yote imekaa kwenye mwanya ule, kati ya Amina na mkono wa kwanza. Naomba mlishike hili, maana hamtalikuta kwenye kitabu cha maelekezo cha kamera. Jua kwanza nani anasali. Babu mwenye njaa husali kifupi. Katekista mgeni ataombea hadi mvua za mwaka ujao. Waumini wa Kianglikana kule ziwani wana sala yao, na ukiisikiliza vizuri utajua imebaki hatua gani. Kaa chini kabla sala haijaanza, maana ukiinama katikati ya sala watu watadhani umeanguka. Kamera iwe kifuani, chini ya kitenge. Dirisha liwe nyuma ya chakula, kisha shuka liwe mbele, ili mvuke uonekane. Flashi iacheni kwenye begi, inaua mchuzi. Na macho yawe wazi. Mungu anisamehe, miaka yangu yote ya kazi nimesali nimekodoa macho.

Nimepiga hivyo Krismasi, Pasaka, komunyo ya kwanza, kipaimara, na harusi nisizozikumbuka. Nimepiga makande, kuku wa kienyeji, togwa inayotoa povu, na maandazi ya sikukuu yaliyorundikwa kwenye beseni. Watu waliagiza picha zao na za chakula humo humo, na baada ya muda nikaona ni picha ya chakula ndiyo wanayoionyesha kwanza wageni. Mtu anaweza kukataa sura yake ya zamani. Wali wa sikukuu ya mwaka aliozaliwa mwanawe haukatai.

Aliyenishinda kwa miaka mingi ni mmoja, naye ni mama yangu mzazi.

Mama ni mtu wa Ngumbo, wa ziwani. Baba alimwoa akampandisha huku milimani, naye akapanda na sufuria moja nzito ya chuma, yenye mfuniko bapa. Kila Krismasi aliokea mkate ndani yake. Unga wa ngano na wa mahindi, ndizi mbivu zilizoiva hadi ganda jeusi, na togwa ya ulezi badala ya hamira. Sufuria inatandikwa majani ya mgomba, unga unamiminwa, mfuniko unawekwa, na makaa yanapaliwa chini na juu. Chini machache, juu mengi. Kazi yote iko kwenye makaa ya juu. Yakivaa majivu lazima yapulizwe au yabadilishwe, la sivyo mkate unaiva nje, na katikati unabaki uji. Mama alikaa kando ya sufuria ile asubuhi nzima ya sikukuu, hakuitikia hata jina lake. Mkate ulipotoka, harufu ya ndizi na jani lililoungua iliingia hadi kwenye mablanketi. Sisi watoto tulijua ni Krismasi kwa harufu hiyo, kengele ya kanisani ilikuja kuthibitisha tu.

Nilitaka picha ya mkate ule ukiwa mzima. Nilimwomba, nilimbembeleza, nilimletea kitambaa kipya cha kufunikia.

“Odi,” alinijibu, “mimi nioke halafu mimi huyo huyo niseme tazameni? Kula.”

Na alijua kunikomesha. Wapishi wengine walifunua, wakaweka kitambaa kando, ndipo wakashika kisu. Mama alifunua kwa mkono wa kushoto na kukata kwa mkono wa kulia kwa wakati mmoja. Ninayo bahasha ya picha za mkate wake za miaka na miaka, na hakuna hata moja isiyo na mkono juu yake.

Kazi ziliniteremsha ziwani pia. Mwenye mgahawa mmoja wa ufukweni aliniita nimpigie picha ya samaki mbufu wa kukaanga ili atengeneze bango. Kule mwanga si wa kutafuta, ni wa kukimbia. Jua linapiga maji, maji yanapiga ukuta, ukuta unampiga samaki, na ngozi yake inatoka nyeupe tupu. Nilining'iniza kanga iliyolowa juu ya meza, mwanga ukatulia, samaki akatoka vizuri kupita kiasi. Mwenye mgahawa alilitundika bango mlangoni kwa furaha, na kwa muda wote lililokaa pale kila mteja alipoletewa sahani yake alitoka nje kwenda kulinganisha. Mwishowe akaligeuza likatazama ukuta. Tangu hapo sipigi samaki bila kuweka ugali wa muhogo pembeni, watu wapate kujua ukubwa wake.

Lakini kazi iliyonitoa jasho ni ya kalenda. Alikuja bwana mmoja kutoka mji wa mbali, jina tuliache, aliyetaka picha ya meza ya Pasaka ya familia ya milimani. Alikuwa mtu mzuri, alisalimia wazee na hakulalamikia tope. Ila mtindo wangu wa kuvizia Amina hakuuelewa kabisa. Alitaka meza itolewe uani, vyombo vyote vifunuliwe, na watu wote waondoke ili vivuli vyao visiingie. Nilimwambia haifai. Akasema ni muda mfupi tu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kaka yangu Otmar, na Otmar hajui kumkatalia mgeni. Akaichukua familia yake wakaenda kujibanza nyuma ya banda la ng'ombe.

Jirani akapita njiani. Akaona meza imejaa, wali uko wazi, kuku yuko wazi, chai inafuka, na hakuna mtu. Kwetu jambo hilo lina maana moja. Watu wakiacha chakula wazi na kuondoka, wameitwa na msiba. Jirani hakuuliza, alikimbia kuchukua kanga, na njiani akawaambia wengine. Mimi niko chini ya meza natafuta pembe nzuri ya bakuli la wali, mara nasikia kilio kinapanda kutoka bondeni. Wakaingia wanawake wamejifunga viunoni, wanaume wamebeba kuni mabegani. Mbele yao alikuwa mama yangu, aliyekuwa njiani akirudi kutoka kanisani.

“Ni nani?” analia. “Ni nani aliyekwenda?”

Otmar akachungulia kutoka nyuma ya banda. Mwanamke aliyekuwa akimlilia yeye kwa jina akakaa chini pu, akashindwa kusimama.

Hakuna aliyewarudisha waombolezaji wale na njaa. Otmar akasali kwa sauti ya mtu aliyefufuka, wakanawa, wakala kila kitu hadi mifupa ya kuku wa kalenda. Nilipiga wakati ule mikono inaingia, na picha hiyo ndiyo yule bwana aliyoichukua, naye akacheka na kula nao. Mama hakucheka. Alinivuta kando, macho bado mekundu.

“Odi, chakula bila watu umekitoa wapi? Nani alikufundisha hivyo?”

 Tangu siku ile sijapiga tena meza isiyo na mtu.

Miaka ikaenda. Mzee Kanisius akatutoka, akaniachia studio na shuka. Ndilo lile lile mnalolitumia, msilifue kwa dawa ya kung'arisha, linapiga bluu. Filamu ikaondoka, chumba cha giza tukakifanya stoo. Zikaja simu, na vijana wakaanza kupiga sahani kabla hata ya ishara ya msalaba. Siwalaumu. Nimeona tu kwamba wana picha elfu za chakula kimoja na hakuna hata moja inayokufanya usikie njaa.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma.

Macho ya mama yalianza kufifia polepole. Ni presha ya macho, daktari alisema kilichopotea hakirudi. Mama hakumwambia mtu. Tulijua kwa mkate. Krismasi moja alifunua na kukata kama kawaida yake, na katikati mkate ulikuwa uji. Hakuyaona makaa ya juu yalivyovaa majivu.  Halafu Otmar akaweka kipande mdomoni, akasema, “Mama, leo umejishinda.” Na sisi wote tukala, hadi watoto, mate yakitushinda kumeza. Mwaka uliofuata ulikuwa mbichi zaidi, tukala, tukasifu zaidi. Mama si mjinga. Mwaka wa tatu alimtuma mtu mjini akanunue mikate ya dukani, ile iliyokatwa tayari ndani ya mfuko wa plastiki. Aliifunika kwa kitambaa kilekile. Baada ya Amina alikivuta kitambaa, akarudisha mikono mapajani, hakuna cha kukata. Nilikuwa na kamera kifuani na sikubonyeza. Nilitoka nje nikalia kwenye mibuni, kwa sababu niliona mkate wa nyumba yetu unakufa tukiwa tunautazama, na mwenye nao hataki usemwe.

Nilidhani ndiyo imekwisha. Aliyekataa ni Skola.

Skola ni mke wa Festo, mtoto wa Otmar. Kabla ya kuolewa alikuwa akiuza maandazi pale stendi ya Mbinga, na unga anaujua kwa vidole. Alikuja studio siku moja akiwa na maneno yamemjaa.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa.”

“Shangazi, nataka nimwombe Bibi anifundishe ule mkate.”

“Usithubutu.”

“Nikithubutu atanifanya nini?”

“Hatakufanya kitu. Atakuambia neno moja utalibeba mwaka mzima.”

Akafikiri. Kisha akaomba angalau nimwonyeshe picha, aone mkate ulikuwa na rangi gani, uliumuka hadi wapi. Nikamletea ile bahasha. Tulizipanga zote mezani, Krismasi kwa Krismasi. Mkono wa mama, kisu, kitambaa, viganja vya watoto, na chini ya hivyo vyote kipande cha kahawia ambacho kingeweza kuwa mkate au tofali. Kazi yangu ya maisha haikumsaidia kitu. Skola alizirudisha kwenye bahasha kwa adabu.

“Basi nitaenda kumwuliza mwenyewe,” akasema.

Akaenda. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu, “Kwani mimi nimekufa?”

Hilo ndilo neno nililomwambia angelibeba. Alilibeba hadi Jumapili. Jumapili ikampata kwa mama, nyumbani kwa Otmar, na mkate aliouoka katika sufuria yake mwenyewe, umefunikwa vizuri, akauweka mapajani kwa mama bila kusema kitu. Mama hakuufunua. Alikiinamia kitambaa, akanusa.

“Makaa ya juu yalilala,” akasema, akawaita kuku.

Jumapili iliyofuata, “Togwa changa,” na kuku wakala tena. Baadaye ilikuwa ndizi hazijaiva, baadaye jani la mgomba lilikuwa bichi mno. Skola alikuwa akirudi kwa Festo amevimba macho, na Jumamosi analoweka ulezi upya. Nilimwambia aache, nikamwambia kuku wa Otmar wameshanenepa vya kutosha. Akaniambia, “Shangazi, kila akinitukana ananifundisha kimoja. Wewe acha anitukane.” Mwezi wa kumi mama aliugawa mkate wa Skola kwa jirani badala ya kuku. Nilimpigia Skola simu kumpongeza kama vile mtoto amefaulu mtihani. Na Jumapili moja mama alinusa, hakusema kitu, akauchukua mkate akaingia nao chumbani kwake na kufunga mlango. Otmar anaapa alisikia anatafuna.

Mwezi uliofuata nikastaafu, kama mnavyojua. Krismasi ilipofika nilikwenda Mbuji nimejiapiza. Kamera niliibeba kwa mazoea tu, nikaiacha ndani ya begi, begi nikalisukuma chini ya kitanda. Nilitaka mara moja maishani nisali nimefumba macho kama Mkristo mwingine yeyote.

Asubuhi, mvua inanyunya, mama alikaa kwenye kigoda jikoni akamwita Skola. “Vuta ile sufuria iliyo chini ya kitanda changu. Leta makaa.”  Mama akageuka akaupa moto mgongo ili alisikie joto, na kwa mgongo huo akawa anaamuru. Ongeza. Puliza. Kulia pamepoa, weka makaa kulia. Mimi nilikuwa mlangoni nikaona kulia hakujapoa hata kidogo, ila mlango uliachwa wazi na upepo ulikuwa unampiga mama bega la upande ule. Skola naye aliona. Alinitazama, akatazama mgongo wa Bibi, akaweka makaa kulia.

Mezani mkate ulikuja umefunikwa. Otmar akasali. Nikafumba macho, nikasikia kila neno, nikaona kumbe sala ni nzuri. “Amina.” Skola akavuta kitambaa, na mikono ikanyanyuka kama inavyonyanyuka siku zote.

“Mikono!” alisema mama.

Yote ikasimama hewani.

“Odi. Huu si wangu, ni wa Skola. Piga picha.”

Na mimi, niliyengoja neno hilo tangu niko msichana, kamera yangu ilikuwa chini ya kitanda. Nikaruka, nikajikwaa kwenye benchi, nikaingia chumbani nikitambaa, nikalivuta begi, zipu ikagoma. Huko mezani nasikia mtoto analia anataka mkate, na mama anamwambia, “Ngoja. Shangazi yako anafanya kazi.” Hamtaniamini, lakini niliporudi hakuna aliyeshusha mkono. Niliyekimbizana na mikono maisha yangu yote, siku hiyo mikono ilinisubiri. Machozi yalinijaa nikashindwa kuona kama picha iko sawa.

“Umeungua upande gani?” mama akauliza. Harufu ilikuwa imeshamwambia.

“Kulia, Bibi,” Skola akawahi. “Mimi nilizidisha makaa.”

Mama akatabasamu.

“Upande ulioungua ni wangu,” akasema. “Huko kwingine kote ni kwa Skola. Odi, pande zote mbili zitokee.”

Nikabonyeza mara moja. Nilikuwa na nafasi ya kubonyeza mara nyingi nipendavyo, ila nilimkumbuka Mzee Kanisius. Kisha mama akasema, “Haya, kuleni,” nasi tukala, na katikati palikuwa pameiva.

Nilipomwambia baadaye kwamba picha imetoka nzuri na nitaitundika studio, mama hakukataa, ila alitoa masharti mawili. Iwe imefunikwa, kwa sababu hata kwenye karatasi chakula hakikai wazi. Na atakayeifunua anawe mikono kwanza.

Kwa hiyo ndoo ile msiiondoe. Maji yabadilisheni kila asubuhi.